Barua kwa Binti Yangu: Kengele Inapolia

Binti yangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Sisi huku nyumbani hatujambo, mama yako anakusalimu sana, mahindi ya shamba la chini yameshabeba, na mvua mwaka huu haijatunyima. Tumemshukuru Mungu kusikia kwamba wajukuu wetu wamepona mafua.

Ninakuandikia kwa kalamu kwa sababu neno ninalotaka kukuambia nimekaa nalo moyoni tangu mlipoondoka baada ya Noeli, nami najua kwamba kwenye simu tutakatizana. Siku ya tatu ya likizo yenu, tulipokuwa tumeketi barazani, nilikuuliza siku hizi unasali saa ngapi. Ulikuwa ukisoma ujumbe wa kwaya, ukanijibu bila kuinua macho, “Baba, mimi kazi yangu ndiyo sala yangu. Si ninyi mliolelewa karibu na wamonaki mliotufundisha sala na kazi?” Sikukujibu. Usiku wa siku hiyohiyo nilikusikia jikoni ukimwambia mama yako kwamba umechoka na watu wa kanisa, kwamba unafikiria kuacha ukatibu wa kwaya na uweka hazina wa jumuiya kwa mpigo, na kwamba Misa yenyewe imekuwa kwako kama kikao kingine cha kuhudhuria. Nimeyaweka maneno hayo mawili pamoja, la barazani na la jikoni, nikayapima kwa majuma kadhaa, na ninaamini kwamba la kwanza ndilo lililozaa la pili.

Unajua kwamba nilijifunza useremala katika karakana ya abasia, yaani nyumba ya wamonaki, hapa Peramiho, katika misheni ambayo Wabenediktini waliianzisha mwaka 1898. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Aliyenifundisha alikuwa Bruda mmoja mzee kutoka Ujerumani, mtu wa maneno machache, na jambo nililojifunza kwake siku ya kwanza halikuhusu mbao. Tulikuwa tukiranda mninga kwa ajili ya milango. Yeye alikuwa katikati ya ubao, utepe mrefu wa maranda ukitoka na kujikunja juu ya mkono wake, mara kengele ikalia. Alisimamisha mkono palepale. Aliilaza randa ubavu ili makali yasiguse benchi, akajipangusa mikono kwenye aproni, akaenda kanisani, na ule utepe ukabaki ukining'inia kwenye ubao, nusu umetoka, nusu haujatoka. Aliporudi nilimuuliza kwa nini hakumalizia, maana ulikuwa umebaki urefu wa mkono mmoja tu. Akaniambia kwamba ubao ule haukuwa wake na saa ile pia haikuwa yake. Kisha akaishika randa akaendelea mahali alipoachia, na wala hapakuonekana alama yoyote ya kukatizwa.

Baadaye nilikuja kuelewa kwamba yule mzee hakuwa na tabia ya peke yake; alikuwa akitii sheria ya kale sana. Mtakatifu Benedikto, aliyeandika Kanuni yake huko Italia katika karne ya 6, anaagiza katika sura ya 43 kwamba saa ya sala ikifika, mmonaki aache chochote kilicho mikononi mwake na kwenda kwa haraka, lakini kwa heshima, maana kisitangulizwe kitu chochote mbele ya Kazi ya Mungu, yaani sala yao ya pamoja. Na kabla yake, mmonaki mwandishi Yohane Kasiano alikwisha kueleza jinsi wamonaki wa Misri walivyofanya: aliyekuwa akinakili maandiko, akisikia mwito wa sala, hakuthubutu hata kuimalizia herufi aliyokuwa ameianza. Fikiria herufi “o” iliyoachwa wazi kama kikombe kilichopasuka! Ukweli ni kwamba hata maneno hayo uliyonirudishia, sala na kazi, hayamo katika Kanuni ya Benedikto kama kauli. Ni wasia uliotungwa baadaye kufupisha maisha ya wamonaki. Na hata katika wasia huo, mwanangu, sala imetajwa kwanza, na kati yake na kazi kuna “na”. Hapakuandikwa kwamba kazi ni sala. Kazi hugeuka kuwa sala kwa mtu ambaye ana saa ya kuiacha kazi na kusali. Asiye na saa hiyo, kazi yake hubaki kazi tu, hata kama ni ya kanisa, na uchovu wake ni uchovu ule ule wa ofisini.

Tena kuna jambo ambalo sisi tunaosema Kiswahili tungepaswa kulielewa upesi kuliko watu wengi. Sisi tunahesabu saa kuanzia mapambazuko, kama walivyohesabu watu wa Biblia. Siku ya Pentekoste Petro aliwaambia watu kwamba ilikuwa saa tatu ya mchana; yeye huyohuyo alipanda darini kusali yapata saa sita; pamoja na Yohane alikwea hekaluni saa ya kusali, saa tisa; na ilikuwa saa tisa Bwana wetu alipolia msalabani. Wamonaki wamezishika saa hizohizo hadi leo, na wana sala ya saa tatu, ya saa sita na ya saa tisa. Wengine hulazimika kuelezwa saa hizo za Maandiko ni saa ngapi kwao. Wewe unaziishi ofisini kila siku, ukiiangalia saa yako na kusema, “Saa tatu hii, kikao kimeanza.” Saa yako imejaa Injili, na hakuna aliyekuambia.

Kengele ya saa sita inalia sasa. Naacha hapa.

Nimerudi, na sasa ni jioni. Baada ya sala ya Malaika wa Bwana palikuwa na chakula, na baada ya chakula alikuja mteja wa vitanda, akakaa. Nimeisoma tena sehemu ya juu nikaona nimezungumza sana juu ya saa, na sijasema ndani ya saa hiyo kuna nini. Hapo ndipo penye moyo wa barua hii.

Tulikufundisha sala za sauti: Baba Yetu, Salamu Maria, sala za asubuhi na jioni. Hizo usiziache kamwe. Lakini Kanisa linafundisha kwamba kuna sala ya sauti, kuna tafakari, na kuna taamuli, na ninaogopa kwamba sisi wazazi wengi tuliishia kwenye ile ya kwanza. Katika tafakari akili inafanya kazi: unalichukua Neno, unaligeuza huku na huku, unauliza linasema nini kwako. Katika taamuli unakoma hata kugeuza. Unakaa mbele ya Mungu anayekupenda, unamtazama kwa imani, basi. Neno hilo, taamuli, linawatisha watu kana kwamba ni la watawa wa ndani peke yao, nami nilikuwa miongoni mwa waliotishwa, hadi wewe mwenyewe uliponifumbua macho ulipokuwa na miaka miwili.

Mama yako alikuwa amekuachisha ziwa. Siku za kwanza ulikuwa vita vitupu: kila alipokupakata ulimvuta blauzi, ulilia, ulimpiga kifuani. Ilikuwa kazi yangu kukutoa nje na kukuonyesha kuku. Baada ya majuma machache, jioni moja nilitoka karakana nikawakuta mmeketi kwenye mkeka. Ulikuwa umemlalia kifuani, kichwa kimeelekea pembeni, macho wazi, kidole kimeshika pindo la khanga yake. Hukutaka kitu. Zamani ulikuwa ukimtaka kwa ajili ya maziwa, na sasa ulikuwa umemtaka yeye. Jumapili iliyofuata nikafungua Zaburi ya 131 na kusoma, “Hakika nimeituliza nafsi yangu, na kuinyamazisha, kama mtoto aliyeachishwa kifuani mwa mama yake,” nami nikalazimika kukifunga kitabu kwa muda. Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza taamuli ni nini, mimi humwona mtoto yule kwenye mkeka. Bado naomba vitu kwa Mungu, na wewe omba, kwa maana Bwana mwenyewe ametuamuru kuomba mkate wa kila siku. Lakini iwepo saa ambayo hujaja kuchukua chochote.

Sasa nirudi kwenye uchovu wako. Nakuomba uisome tena sura ya kwanza ya Injili ya Marko, taratibu, kama mtu asiyeijua. Jioni ya Sabato, jua lilipokwisha kuchwa, mji mzima wa Kapernaumu ulikusanyika mlangoni, na Yesu akaponya wagonjwa wengi. Kesho yake, alfajiri na mapema sana, aliondoka akaenda mahali pasipokuwa na watu, akaomba huko. Simoni na wenzake wakamfuata mbio wakamwambia, “Watu wote wanakutafuta.” Hebu isikie sauti hiyo vizuri, kwa sababu unaisikia kila siku kwenye simu yako: katibu, watu wote wanakutafuta. Naye Bwana akajibu, “Twendeni mahali pengine.” Hakurudi mlangoni. Pengine walikuwapo wagonjwa waliokuja usiku kwa matumaini, na wote walikuwa na haki ya kuhurumiwa, lakini alikuwa ametoka kwa Baba na alijua alichotumwa kufanya siku hiyo. Mimi huona kwamba sala ndiyo iliyompa uwezo wa kusema hapana kwa jambo jema. Wewe, mwanangu, huna uwezo huo. Kila anayekuita unamwitikia, kisha unamchukia kwa kukuita. Si kwa sababu una moyo mbaya. Ni kwamba hujawahi kupata nafasi ya kusikia sauti nyingine tofauti na ya yule anayepiga simu.

Najua ninalolisema kwa kuwa nilikwisha kuanguka shimo hilo kabla yako. Miaka ile nilipokuwa katika kamati ya ujenzi wa kigango kimoja, wewe ulikuwa shuleni bwenini na hukuyaona yote. Kwa karibu miaka miwili nilikuwa mtu wa mabati, saruji na orodha za ahadi. Vikao vyote nilivifungua kwa sala, na watu wakanisifu kwa sala zangu nzuri. Siku moja, katikati ya Baba Yetu, nilijikuta nikiangalia daftari na kuhesabu ni nani hajatoa. Tulipofika “utusamehe makosa yetu” nilikuwa nimefika jina la jirani yangu, na moyo wangu ulikuwa umejaa hasira juu yake. Niliendelea kusali kwa mdomo, na hakuna aliyegundua. Yule jirani tulikuja kugombana hadharani kwa sababu ya mifuko kumi ya saruji, tukakaa miezi bila kusalimiana, na nyumba ya Mungu ikasimama juu ya ugomvi wetu. Nilipotafuta mara ya mwisho niliposali peke yangu, bila mkutano, bila watu wa kunisikia, sikuikumbuka. Ni mama yako aliyeniambia, kwa upole wake, kwamba ninafanya kazi nyingi sana za Bwana nisiyezungumza naye. Nilikwenda kuungama, kisha nikaenda kwa jirani, na kesho yake alfajiri nikaanza upya kama mtoto wa mafundisho ya Komunyo ya kwanza.

Kwa hiyo sikuambii uache kwaya. Wala sikuambii uondoke mjini ukajifungie. Una mume, una watoto, una kazi, na hiyo ndiyo nyumba yako ya kitawa. Watu wanaosema kwamba sala ya kimya ni uvivu waje hapa Peramiho wahesabu kwa macho yao: hospitali, shule, karakana, kiwanda cha uchapaji, mashamba. Yote hayo yamefanywa na watu ambao kengele iliwanyang'anya zana mikononi mara kadhaa kila siku. Ninachokuambia ni kwamba uhamishe kiti. Hadi sasa sala imekaa pembeni mwa maisha yako na kupata muda unaobaki, na mjini muda haubaki. Iweke katikati, kisha mambo mengine yatafute nafasi kuizunguka, na yale yatakayokosa nafasi yaache.

Unatoka nyumbani saa kumi na moja na nusu ili kuikwepa foleni. Amka saa kumi. Najua ni mapema, na najua hiyo inamaanisha kulala mapema na kuacha mazungumzo ya simu ya usiku, nami sioni njia nyingine. Simu iache chumba kingine, usiiweke hata kifudifudi mezani. Keti mahali palepale kila siku, mbele ya msalaba ule mdogo tuliokupa siku ya ndoa. Fanya ishara ya msalaba, kisha useme aya ambayo wamonaki huanza nayo vipindi vyao vya sala: “Ee Mungu, unielekezee msaada, ee Bwana, unisaidie hima.” Abba Isaka, mmonaki wa Misri, alimfundisha Kasiano kwamba aya hiyo moja inatosha kwa kila hali ya mwanadamu, akijaribiwa na akifurahi, akikasirika na akisinzia, na kwamba mtu aishike hadi imsindikize hata usingizini. Isome Injili ya siku, mistari michache tu, kwa sauti ya chini. Neno litakalokugusa likamate, lirudierudie kama unavyomung'unya muwa, ongea na Bwana juu yake, kisha nyamaza. Dakika ishirini zinatosha kwa kuanza. Benedikto mwenyewe alitaka sala iwe fupi na safi. Na mtoto akilia, nenda kwa mtoto bila kusononeka, kwani huyo naye ni kengele.

Mawazo yatakuja: ada ya shule, sare za kwaya, neno baya la bosi. Usipigane nayo wala usijilaumu. Ukigundua umekwenda mbali, rudi na ile aya, hata mara hamsini katika dakika ishirini. Mchana, ndani ya daladala iliyosimama, hiyo hiyo aya unaweza kuisema bila mtu kujua, na saa sita usimamishe kalamu. Jioni msali Rozari na watoto, hata kama ni fungu moja, lakini msikimbie. Papa Paulo VI aliandika mwaka 1974 kwamba Rozari bila taamuli ni mwili usio na roho, nami nimesikia Rozari nyingi kwenye jumuiya zetu zinazokwenda mbio kama watu wanaokimbia mvua.

Jambo moja nataka ulijue kabla hujaanza, ili usije ukafikiri baba yako amekudanganya. Majuma mawili au matatu ya mwanzo huenda yakawa matamu, kisha yatakuja makavu. Utaketi, utasoma, na hutasikia chochote. Utahisi kwamba unapoteza muda ambao ungepigia pasi nguo za watoto. Mtakatifu Teresia wa Avila, ambaye Kanisa lilimtangaza kuwa Mwalimu wake mwaka 1970 kwa sababu ya mafundisho yake juu ya sala, anakiri kwamba kwa miaka kadhaa alikuwa akiingoja kwa hamu saa ya sala iishe na kusikiliza lini saa itagonga. Zaidi ya hayo, kuna wakati aliacha kabisa sala ya moyoni, akijidanganya kwamba ni unyenyekevu, kwamba mtu mwenye makosa kama yeye hastahili kukaa karibu na Mungu hivyo. Baadaye aliliona hilo kuwa kosa kubwa kuliko mengine yote. Nakuandikia haya kwa sababu nakujua; wewe ni mtu wa kutaka kufanya kitu vizuri au kukiacha. Kwenye sala usifanye hivyo. Kaa hata ukiwa mkavu. Mimi sasa nina zaidi ya miaka ishirini tangu siku ile ya saruji, na asubuhi nyingi ninazoketi hapa sisikii kitu ila jogoo wa jirani. Ni jirani yuleyule. Asubuhi hizi namwombea yeye na jogoo wake, na siku hizi hunijia na kahawa tukakaa.

Kama utataka kujua sala inaendaje, usipime utamu wake. Mwangalie binti anayekusaidia kazi za nyumbani, na yule mwanakwaya wa sauti ya pili aliyekuudhi, na mumeo anaporudi amechelewa. Waulize hao bila kuwauliza.

Nimempa kijana wa mjomba wako kifurushi, naye anapanda basi la Ijumaa. Ndani yake kuna kigoda cha kusalia nilichokitengeneza kwa kipande cha mninga kilichobaki kwenye milango ya sakristia. Unakiweka juu ya visigino unapopiga magoti, hivyo uzito haukai miguuni. Nimekikata kifupi, kwa kipimo cha goti lako nililolipima kwa macho ulipokuwa umeketi barazani na simu yako. Gundi nimeitia leo asubuhi na nimekibana, lakini mvua inafanya ichelewe kukauka, basi usikikalie kabla ya Jumatatu. Mama yako amefunga pamoja nacho karanga na mfuko wa ulezi kwa ajili ya uji wa watoto. Nijulishe kama kimefika salama, na kama kimekuwa kifupi mno nitatengeneza kingine.

Baba yako akupendaye